Rangi ya Kucha kwenye Oveni

Soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi halina adabu. Ukisimama kununua kitu, mkokoteni wa viazi unakusukuma. Ukigeuka kulalamika, mwingine ameshakukanyaga. Severina alisimama katikati ya fujo hiyo, mbele ya kibanda cha vipuri cha Rabson, mtoto wa mama yake mkubwa. Alivaa gauni la kitenge cha njano na sweta zito la kukinga baridi ya Mbeya, na mkononi alishika kijiti chembamba cha chuma chenye waya na plagi mkiani.

"Kaka Rabson, oveni inalia pii pii, kioo kinaandika F3. Nimeambiwa ni sensa ya joto. Nipe mpya."

"Hii hapa, dada. Haijaguswa na mtu."

Kando yao kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu aliacha kuchagua fyuzi zake, akacheka.

"Samahani, dada. Hata sensa umeipaka rangi ya kucha?"

Kweli, plagi ya ile sensa ya zamani ilikuwa na doa jekundu.

"Kila chombo changu nakipaka. Sherehe za mji huu zinameza masufuria ya watu. Wewe inakuuma nini?"

"Hainiumi. Nimependa tu inavyofanana na ya vidoleni."

Severina alitaka kukasirika, akashindwa. Huyo alikuwa Asukile, fundi wa majiko na mafriji kutoka Uyole, na mchana uleule alikuwa amepiga magoti jikoni kwa Severina, mtaa wa Ilomba, kichwa ndani ya oveni, wakati mwenyewe Severina yuko sebuleni anapamba keki ya mteja.

"Tayari, mama keki. Iwashe."

Oveni ikawaka bila kelele. Severina hakuuliza kilichofanyika, na Asukile hakusema. Ninyi mnaosoma likumbukeni hilo la kutosema, maana ndilo lililokuja kutoa watu machozi.

Mapenzi yao yalikwenda mbio. Asubuhi simu, mchana simu, jioni Asukile mwenyewe mlangoni na kifurushi cha parachichi.

"Umekula?" Severina angeuliza.

"Nimekula ila sijashiba. Sijasikia sauti yako tangu asubuhi."

"Muongo! Wanyakyusa mnashiba ndizi, sio sauti."

"Na nyie Wahehe mnashiba hasira."

"Ngoja siku nikukasirikie, utaikimbia Mbeya."

Baridi ya Juni ilipoingia, Severina alimpigia simu baba yake, Mzee Liberatus, huko Iringa. Mdogo wake Lusia alikuwa anafanyiwa send-off, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa.

"Baba, keki ya Lusia naleta mimi. Halafu nakuja na mgeni."

"Wa kiume?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi nitamwekea kiti meza ya familia."

Kwao mwanamume mgeni hakai meza hiyo kwa bahati mbaya. Anayekalishwa pale, ukoo mzima unamtazama kama mkwe. Severina aliijua hiyo mila, na moyo ulimpiga kwa furaha.

Siku moja kabla ya sherehe, akachanganya unga wa keki kubwa kuliko zote alizowahi kupika, akaumimina kwenye treya mpya, pana. Keki ikatoka kingo nyeusi tii, katikati uji. Akarudia. Ya pili ikaungua vibaya zaidi, moshi ukajaa hadi sebuleni. Rabson, aliyekuja na gari lake aina ya Noah ili kesho awapeleke Iringa, akachukua bisibisi na kuing'oa sensa.

"Seve, njoo uone mwenyewe."

Doa jekundu lilikuwa palepale kwenye plagi.

"Bwana wako hakubadilisha kitu," Rabson alisema. "Mpya niliyokuuzia kaondoka nayo."

Severina alinyakua simu, akampigia Asukile.

"Asukile, ulibadilisha sensa au hukubadilisha?"

"Seve, kuna nini?"

"Nijibu!"

"Sikubadilisha, lakini..."

"Umeniibia jikoni kwangu! Umekula chakula changu, nikamwambia na baba akuwekee kiti!"

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"Usiniite mpenzi."

Akakata, akampigia baba yake. "Baba, mgeni haji tena. Kiti kiondoe."

"Haya, mwanangu. Na keki?"

"Inakuja," alidanganya. Alipoweka simu mezani alilia kwa sauti, na Rabson akajifanya anatazama dirishani.

Haukupita muda bodaboda ikasimama nje. Asukile aliingia na suruali ya matope, ameloa manyunyu.

"Una uso mkavu, fundi," Rabson alisema.

"Nimekuja kwa ajili ya oveni. Nikimaliza, nifukuzeni."

Severina alitamani kumfungia mlango. Lakini Lusia alikuwa Iringa anasubiri keki. "Ingia," alisema. "Usiniguse."

Asukile alitoa mita ya umeme kwenye begi, na sensa ikiwa bado kwenye plastiki yake.

"Hii ndiyo uliyonunua. Shika hizi nyaya, pima mwenyewe."

Severina akagusisha. Mita haikusoma kitu.

"Iliyo nzima, kwenye baridi hii, inasoma omu elfu moja na kidogo. Hii ilikatika ndani hata kabla hujainunua. Sasa pima ya kwako."

Elfu moja na kidogo. Severina akapima tena kwa ubishi. Ileile.

"Sensa yako haikuwahi kufa. Kiungo cha waya huko nyuma ndicho kilichoungua. Nilikikata, nikaunga upya."

"Mimi nauza tu, sipimi," Rabson alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini hukuniambia, Asukile?"

"Siku ya kwanza kuingia kwako, nikwambie ndugu yako kakuuzia kibovu? Niliogopa ungenifukuza mimi. Baadaye nikaona nimechelewa. Nilikosea, Seve. Oveni ni yako, ulitakiwa kujua."

Hasira ilimtoka Severina, hofu ikabaki. "Sasa leo imeunguza kwa nini?"

Asukile aliinua kile kijiti. Kilikuwa kimepinda, ncha imekwaruzika. Akaisukuma treya mpya ndani ya oveni, nayo ikagonga mlemle sensa inamokaa.

"Inatakiwa ikae hewani, isiguse kitu. Treya imeibana kwenye ukuta wa nyuma, haisomi tena joto la hewa. Inaiambia oveni bado baridi, nayo inazidisha moto."

Severina alikumbuka jinsi treya ilivyogoma kuingia. Aibu ikamshika.

"Niliisukuma kwa nyonga," alisema.

"Maskini oveni yangu," Asukile alijibu, na Severina akacheka huku machozi yanamtoka.

Ikabaki kazi ya kuinyoosha ile sensa. Asukile aliikunjua taratibu kwa vidole, hatua kwa hatua.

"Ikikatika?" Severina alinong'ona.

"Hakuna keki."

Haikukatika. Mita ikasoma vilevile, sensa ikarudi mahali pake, na unga mpya ukagawanywa kwenye treya mbili ndogo za kuunganishwa kwa krimu. Walikaa sakafuni mbele ya kioo cha oveni hadi harufu ya vanila ikajaa. Severina alichoma keki kwa kijiti cha mishikaki, kikatoka kikavu.

"Siku nyingine ukiona kibovu, hata kama kauza baba yangu, unaniambia."

"Nitakwambia."

"Na mimi nitakuuliza kabla sijakutukana."

Kesho yake Noah ilipita kwenye mipaini ya Mafinga, Rabson akiendesha kwa adabu zote. Asukile, ndani ya suti nyeusi ya kuazima yenye mikono mifupi, alipakata keki, anaogopa hata kukohoa. Severina, ndani ya gauni refu la zambarau, akapokea simu.

"Kamwene, Baba," alisalimia kwa Kihehe. "Tuko Mafinga. Baba... kile kiti cha mgeni, kirudishe."

"Mpe simu."

Mikono ya Asukile ilikuwa na keki, hivyo Severina akamshikia simu sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana huji, leo unakuja. Utakikalia hicho kiti, au kesho nitaambiwa nikiondoe tena?"

Severina alifumba macho.

"Nitakikalia, mzee. Na ukiniruhusu, wazee wangu watatoka Uyole waje kuzungumza na nyie."

Mzee aliongea kidogo, akakata simu.

"Kasemaje?" Severina aliuliza.

"Kasema nishike keki vizuri."

"Asukile! Na kiti?"

"Kiti hakukiondoa. Anasema jana alisikia sauti yako ina kilio, akaona asubiri kwanza."

Severina alimwegemea begani, polepole, ili keki isitikisike.