Nani Atamjibia Shiundu?

Soko la Toi siku ya Jumamosi si mahali pa kutafuta mchumba. Ni mahali pa kusukumwa, kukanyagwa na kuuziwa suruali yenye mguu mmoja mfupi. Kalondu alilijua hilo kuliko wengi, maana alikuwa fundi wa cherehani huko Lindi, Kibera, na mitumba ndiyo iliyokuwa kitambaa chake. Kwa hiyo Jumamosi ile ya Novemba, mwaka wa 2007, aliposhika mkono wa koti zito la sufu na kuhisi koti lenyewe linavutwa upande wa pili, hakufikiria mapenzi hata kidogo. Alifikiria vita.

Aliyeshika mkono wa pili alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya, na shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Alitabasamu lakini hakuachilia.

"Sasa, mrembo. Hii nimeiona kwanza."

"Wewe umeona na macho. Mimi nimeshika," akasema Kalondu.

"Na ni ya mwanaume. Utaifanyia nini?"

"Nitaikata. Inatoa makoti mbili za watoto, na kofia."

Kijana akashtuka kama aliyesikia ng'ombe mzima anachinjwa kwa ajili ya ulimi. Akamwomba asilitendee koti unyama huo, kwa kuwa yeye hukesha kazini na baridi inammaliza. Muuzaji, aliyekwisha kuchoka nao, akawaambia walikate katikati kila mtu aende zake. Wakacheka kwa pamoja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unamuuliza nani. Kijana alilinunua koti, na Kalondu akajikuta anajitolea kulipunguza mabega. Alijiambia kwamba ni kwa sababu fundi hawezi kuvumilia kuona mabega yakining'inia. Haya, tumwachie na uongo wake.

Jina la kijana lilikuwa Shiundu, kwao Mumias, mpangaji wa mtaa wa Kawangware 46, na kazi yake zimamoto. Alilifuata koti Lindi, akarudi kushukuru, akarudi tena kuuliza kama shukrani zilifika. Kufikia Desemba wateja wa Kalondu walikuwa wameanza kumwona akivaa ile sketi ya kitenge aliyokuwa ameificha kwa ajili ya harusi za watu, na blauzi ya manjano iliyomkaa vizuri mpaka wanawake wakaulizia mshono. Shiundu asipokuja alipiga simu.

"Umekula, Bwana Moto?" Kalondu angeuliza.

"Nimekula."

"Nini?"

"Sauti yako."

"Hiyo haishibishi. Nenda utafute ugali, ndio unipigie na nguvu."

Jambo lililomfurahisha zaidi ni usafi wake. Wasichana wengine walilalamika kuhusu wapenzi wanaonuka oili na jasho. Wake alinukia sabuni, kila siku, hata akitoka kazini. Alipomuuliza kazi ilikuwaje, Shiundu alijibu kwamba kazi ni kazi, akageuza mazungumzo kwa kichekesho. Kalondu aliona huo ni unyenyekevu. Akampenda kwa moyo wake wote, na kwa sikukuu ya Krismasi akamshonea shati la mistari ya samawati, kola yake ameipiga mshono wa mbili-mbili ambao hakuna fundi mwingine Kibera aliyekuwa na subira ya kuupiga.

Kisha uchaguzi ukaja, na matokeo yakaja na moto. Soko la Toi likateketea. Shiundu akawa haonekani, yuko kazini usiku na mchana, na kadi za simu zikaadimika madukani kuliko nyama. Alipopatikana alisema maneno machache: niko sawa, wewe uko sawa, funga mlango. Hata kikohozi alichokohoa kwenye simu alisema ni vumbi.

Huko Lindi siasa iliingia kwenye ploti, zile nyumba za kupanga zenye ua mmoja, bila kubisha hodi. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana kwao wapi. Januari, baada ya kuambiwa mara mbili kwamba Wakamba, watu wa kabila lake, wamewauza wenzao kwa kuungana na serikali, Kalondu alikubali ushauri wa jirani yake Mjaluo, ambaye mwenyewe aliibeba cherehani kichwani, ameifunika leso kama mzigo wa nguo chafu, akamvusha mpaka barabara kubwa. Walikumbatiana wakalia, halafu Kalondu akaenda kwa shangazi yake Syokau, muuza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, wa Kawangware 46. Kawangware nako hakukuwa shwari, ila ploti ya Syokau ilikuwa na geti la chuma na wapangaji wa kila kabila waliokubaliana kutofanya ujinga.

Hakumwambia Shiundu kwamba sasa wako mtaa mmoja. Alitaka kumshangaza. Mchana mmoja akavaa ile blauzi ya manjano, akajipaka mafuta, akaenda kuulizia anakokaa.

Hakufika. Njiani, kwenye ua wa ploti moja, aliona shati la mistari ya samawati limeanikwa kwenye kamba. Aliitambua kola kabla hajalitambua shati. Kando yake palikuwa na fulana na soksi, na mwanamke mzuri wa uso, leso kiunoni, anakamua suruali nzito huku akiimba wimbo wa kanisani kwa raha zake.

Lazima mjue sheria za ploti ili mwelewe ubaya wa jambo hili. Nguo za mwanamume mgeni huanikwa ndani, kwenye msumari, mlango umefungwa. Mwanamke akimwanikia mwanamume hadharani, fulana na soksi zote, majirani wanatazama, basi huyo ni mume wake na amemaliza kutangaza. Kalondu alikuwa amekulia kwenye ploti. Hakuhitaji kuuliza. Sasa alielewa pia sabuni ilikotoka.

Alirudi kwa Syokau akalala kifudifudi. Shangazi yake alimwambia amuulize mwenyewe, akakataa katakata. Shiundu alipopiga, alishika simu mara moja tu.

"Niko bize, Shiundu. Usinipigie tena."

Akajibu taratibu: "Ni sawa. Naelewa."

Hakupiga tena. Hilo la kuelewa ndilo lililomuuma Kalondu zaidi, maana mwanamume asiye na hatia hugomba. Alishona wiki nzima kwa hasira, akavunja sindano nyingi kuliko alizovunja mwaka mzima, na shangazi yake akaanza kuificha mikasi.

Basi asubuhi moja yule mwanamke wa leso akaingia getini kwa Syokau na furushi. Alikuwa amesikia kuna fundi mpya. Akajitambulisha kuwa anaitwa Mourine, akamwaga nguo mbele ya cherehani: suruali nzito za zimamoto zilizopasuka magoti, mashati, makoti, saizi za kila namna. Kalondu akatazama lile rundo. Akamtazama mwenye rundo.

"Mama, samahani. Kwani una mabwana wangapi?"

Mourine alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alipojifuta machozi, akasema hana hata mmoja. Mume wake Isaac alikuwa zimamoto. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Baada ya mazishi, wenzake walipatana kwamba hakuna tena atakayepeleka nguo zenye moshi nyumbani, kwa sababu watoto wao nao walikuwa wanakohoa. Zote huletwa kwake, huzirowesha nje, huzifua, nao humlipa kama ambavyo wangemlipa dobi mwingine yeyote. Ploti nzima inajua.

Ploti nzima ilijua, ila mgeni mmoja. Kalondu alitamani ardhi ipasuke.

"Na Shiundu?" akauliza.

Mourine akamtazama vizuri, akautazama mshono wa mbili-mbili uliokuwa kwenye cherehani, na kola ya samawati ikamjia akilini. "Kumbe ni wewe fundi wake. Huyo amekonda, dadangu. Anakohoa, halali, na hataki kukuja Jumapili."

Hapo ndipo Kalondu alipoelezwa habari za Jumapili. Isaac alipokuwa hai, kila aliyemuuliza hali alijibu kwamba yuko sawa, na kila mtu akaridhika. "Mimi nilikuwa namsikia akikohoa mpaka asubuhi," Mourine alisema. "Nilijua kila kitu. Lakini hakuna mtu aliwahi kuniuliza mimi." Ndiyo maana sasa, kila Jumapili baada ya ibada, wazimamoto wa mtaa huo na watu wao wa nyumbani hukaa uani kwake wakanywa chai, na kila mmoja huulizwa amelalaje wiki hiyo. Lakini mwenyewe haruhusiwi kujibu. Hujibu mke, au mama, au dada, yeyote anayelala karibu na ukweli. Shiundu hakuwa na mtu Nairobi, na tangu Toi iungue alikuwa akituma nguo kwa mkono wa wenzake ili asipite pale.

Kalondu aliiweka chini suruali aliyokuwa ameishika. Hasira ilikuwa imemwisha, na mahali pake paliingia hofu ya kweli. Alikuwa amempenda nusu ya mtu, ile nusu iliyooshwa, na nusu nyingine ilikuwa inaugua mahali fulani umbali wa nyumba chache bila yeye kujua. Akamwomba Mourine amwambie Shiundu aje Jumapili kuchukua nguo zake mwenyewe.

Jumapili uani kulijaa. Kulikuwa na chai ya maziwa, viazi vitamu vya kuchemsha, na muuguzi wa kanisani aliyekuja na kifaa chake cha kusikilizia vifua. Mourine alianza na Mulwa, dereva wa gari la zimamoto. Mulwa akafungua mdomo, watu wote wakamwambia afunge.

"Amelala kidogo," mke wake Kaveke akajibu. "Juzi ameruka kwa kitanda akaanza kutafuta buti. Nikamwambia wewe uko off, rudi ulale. Akaniuliza, kwani nani anaendesha?"

Walicheka, Mulwa naye akacheka, kisha akakubali kwenda kuzungumza na muuguzi pembeni. Wakati huo Shiundu aliingia getini, macho mekundu, shati linamning'inia. Alipomwona Kalondu karibu na pipa la maji, alisimama kana kwamba amekosea ploti. Mourine hakumpa nafasi ya kugeuka.

"Nani atamjibia Shiundu?"

"Mimi sina mtu, Mourine," Shiundu akasema. "Na niko sawa tu."

"Wewe hujaulizwa."

Kalondu akasimama. Akainyoosha ile sketi ya kitenge.

"Mimi sijui amelalaje," akasema. "Hajawahi kuniambia. Mimi huletewa sabuni na vichekesho. Lakini nataka kujua, hata kama amelala vibaya. Nataka kujua kila siku. Akikubali, nitamjibia mimi."

Shiundu alisogea hatua moja kuelekea kwenye pipa.

"Nilidhani umeniacha juu mimi ni Mluhya."

"Nilikuacha juu ya shati," Kalondu akasema. "Nimekuja kuomba msamaha, lakini kwanza kaa chini ukohoe vizuri, wacha kuficha na ngumi."

Alikaa, akakohoa, na alipomaliza akasema yaliyokuwa yanamwamsha. Siku ya Toi barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe na matairi. Walipofika, mzee mmoja muuza viatu alikuwa amekaa mbele ya majivu ya kibanda chake, akawauliza kwa upole, mmekuja kuzima nini. Hakuwatukana. Shiundu alisema kama mzee yule angetukana, labda yeye angelala. Alisema pia kwamba aliogopa daktari atamtoa kwenye gari la zimamoto, na kwamba alimficha Kalondu haya yote kwa sababu alipenda kuwa na mahali pamoja tu ambapo hapanuki moshi. Kalondu alilia waziwazi, akamshika mkono mbele ya kila mtu.

Muuguzi alimsikiliza kifua, akamtuma hospitali, na kesho yake Kalondu alikwenda naye mpaka ndani kwa daktari ili asije akajibu kwamba yuko sawa. Moshi ulikuwa umemuumiza lakini alikuwa amewahi. Akapewa dawa, akaachishwa moto kwa muda, na kila Jumapili alizungumza na yule muuguzi mpaka mzee wa viatu akaanza kumpa nafasi ya kulala.

Syokau alifurahi, ila alikuwa na neno moja. Alisema hakuna msichana wa Ukambani anayemjibia mwanamume ambaye hajaleta mbuzi, awe ametoka Mumias au mbinguni. Kwa hiyo nchi ilipotulia na barabara zikapitika, Shiundu alipanda hadi Mwala, kwao Kalondu, na mbuzi wa ntheo, wale wa posa ya Kikamba, amesindikizwa na wenzake wa zimamoto wamevaa sare safi. Mbuzi mmoja alitoroka, wakamkimbiza shamba zima, na babake Kalondu, mzee Mwanzia, akasema kwa jinsi kijana huyu anavyokimbia kifua chake hakina neno. Harusi ilifungwa Agosti.

Jumapili iliyofuata, uani kwa Mourine, swali lilipomfikia, Shiundu alifungua mdomo kwa mazoea, akaambiwa afunge. Kalondu akaweka kikombe chini.

"Amelala," akasema. "Amekoroma mpaka jirani akagonga ukuta. Ni mimi sikulala. Nilikuwa namsikiliza."