Nywele Kwenye Kichujio

Hebu sema ukweli: mashine yako ya kuosha vyombo ikikuandikia E2, wewe hufanya nini?

Usiniambie unafungua kitabu chake. Kitabu chake kiko kwenye droo, chini ya mishumaa na betri zilizokwisha, na hakijafunguliwa tangu siku mashine ilipoingia nyumbani. Wewe unaizima, unaiwasha. Unaipiga kofi. Ikikataa unamwita fundi, na akifika unamwambia imeanza tu yenyewe, hakuna aliyeigusa.

Fundi wa kisa hiki alikuwa mwanamke, na uongo huo aliusikia kila siku ya kazi. Mtaani walimwita Msomi, wachache kwa heshima, wengi kwa kejeli, maana alikaa chuo kikuu miaka minne akisomea umeme kisha akaishia kupiga magoti kwenye majiko ya watu. Hakujali. Alizipenda mashine kwa sababu hazina unafiki. E1, maji hayaingii: angalia bomba. E2, maji hayatoki: safisha kichujio, kagua pampu. E4, maji yamevuja hadi kwenye trei ya chini, yakakiinua kiboya, kile kipande chepesi kinachozima kila kitu nyumba isije ikafurika: tafuta yanakovujia. Basi. Hakuna jini wala jicho la jirani. Mteja aliyemletea habari za uchawi alikatwa kauli kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Jioni hiyo alikuwa anafunga banda lake, taa za barabarani zikianza kuwaka moja moja, simu ikaita. Akaitambua sauti.

"Njoo sasa hivi, fundi," mwanamke akasema. "Kabla gari halijafika."

Alikuwa dada wa mwenye nyumba mmoja, mteja wake. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Mke wa kaka yake anarudishwa kwao leo leo, kwa sababu anammaliza mama mkwe wake, na ushahidi uko ndani ya mashine. Kila ikiandika E2, kichujio kinatoa nywele nyeupe, na nyumba nzima mwenye nywele nyeupe ni mmoja. Mtoto wa miezi mitano atabaki kwa baba yake. Kaka mtu bado anasitasita, kwa hiyo wanamtaka fundi azitoe nywele hizo mbele ya macho yake, mtu baki, tena aliyesoma, isije ikasemwa ni maneno ya mawifi.

Msomi akasema anakuja. Alipoishusha simu, ilikuwa imelowa jasho.

Kwa sababu yeye alijua nywele zile zilikotoka.

Wiki tatu nyuma aliitwa nyumba hiyo hiyo kwa E4. Mke alimfungulia, akamwachia jiko, akaenda kunyonyesha. Msomi akailaza mashine ubavu, akafungua bati la chini, akamulika tochi. Trei ilikuwa kavu kabisa. Kilichokiinua kiboya hakikuwa maji. Kilikuwa kifurushi cha kitambaa cheusi, kidogo kama kidole gumba, kimeshonwa pande zote, kimechomekwa pale na mtu ambaye mkono wake haukuwa na wasiwasi.

Fundi mwingine angewaita wenye nyumba. Au angekitupa mbali akanyamaza. Msomi alikasirika. Watu wana mashine yenye vitufe kumi na viwili, alijisemea, na bado wanashonashona vitambaa. Akakipasua kwa kisu cha kukatia nyaya. Ndani, nywele nyeupe, labda thelathini, zimefungwa kwa uzi, zinanukia mafuta. Na ili ajithibitishie kwamba nywele ni nywele tu, akazimwaga ndani ya mashine, akafunga mlango, akachagua maji ya digrii sabini, akabonyeza. Kila fundi anajua nywele ni adui wa pampu. Yeye alijua kuliko wengi. Lakini alisimama pale, mikono kiunoni, akitabasamu, mpaka mzunguko ukaisha.

Mke aliporudi akauliza tatizo lilikuwa nini.

"Mafuta yaliganda chini," Msomi akasema.

Sasa alikuta sanduku mlangoni, na mke amekaa juu yake, mtoto kifuani. Mume alikuwa ameegemea ukuta sebuleni akitazama simu ambayo kioo chake kilikuwa kimezimika. Hakuna aliyeketi kwenye viti. Dada mtu alimsukumia Msomi jikoni, akarudi kumshughulikia kaka yake.

Jikoni kulikuwa na joto. Na harufu.

Ile ile. Nywele mbichi na mafuta.

Kando ya mashine, kwenye kiti cha mbao, alikaa mama mkwe. Wiki tatu zilizopita bibi huyu alipita ukumbini na beseni la nguo kichwani bila kulishika. Leo miguu yake ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, imejaa maji, na kilemba kilikuwa kimelegea juu ya kichwa ambacho hakikuwa na unywele wa kukishikilia.

Tii... tii... tii.

E2.

Msomi akapiga magoti. Akavuta rafu ya chini. Maji meusi yalikuwa yametuama, na alipozamisha mkono yalikuwa ya uvuguvugu, ingawa mashine haikuwa imeosha chochote siku nzima. Akakizungusha kichujio. Vidole vikagusa kitu laini.

Akapata ncha. Akavuta.

Zikaja. Ndefu, nyeupe, safi. Akavuta tena, zikaja tena. Thelathini, alijikumbusha, nilimwaga thelathini. Kiganja kikajaa. Akazizungusha mkononi kama mtu anayekunja uzi wa kufuma, na bado zilikuwa zinatoka.

Nyuma yake kiti kikalia.

"Taratibu," bibi akanong'ona.

Akageuka. Shingo ya bibi ilikuwa imenyooshwa mbele, kidevu kimeinuliwa, kama mtu aliyeshikwa kichwa na msusi asiye na huruma. Msomi akalegeza mkono. Shingo ikarudi.

Alikuwa mtu wa majaribio, hata wakati huo. Akavuta tena, kidogo sana, kwa vidole viwili.

Kichwa kikamfuata.

Akaziachia. Akajikokota mpaka ukutani, akachomoa waya wa umeme. Uko hapa, mkononi mwangu, alijiambia, naona meno yake matatu. Akatazama kidirisha cha mashine.

E2. Inawaka.

Kisha, bila kulia, ikabadilika.

E4.

Akainama, akamulika chini. Trei kavu. Kiboya kimekaa chini mahali pake, hakuna kinachokiinua. Kitabu hakina ukurasa wa jambo hilo, na Msomi alikuwa mmoja wa watu wachache duniani waliokisoma chote.

"Bibi," alisema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa ngeni kwake. "Kile kitu..."

"Kilikuwa kinaishikilia nyumba hii."

"Dhidi ya nini?"

Bibi alitazama mlangoni, akahakikisha hakuna mtu, akainama mpaka Msomi akahisi pumzi yake, ya baridi na yenye unyevu.

"Mimi sikuulizi nani alikitoa, mwanangu. Na wewe usiniulize nani alikiweka. Kusanya vyombo vyako, uende."

Hivyo tu. Mkataba wenyewe mfupi, wala haukuhitaji sahihi. Angesimama, angesema pampu imekufa, angeondoka na jina lake zima: Msomi asiyedanganyika. Gharama yote ingepanda gari pamoja na mke na sanduku lake.

Nje gari likapiga honi.

Wakaingia wote kwa pamoja, mume, dada yake, na nyuma yao mke, maana hakuna aliyemwambia abaki nje. Dada mtu akaziona nywele zinazoning'inia kwenye ukingo wa mashine, akamshika kaka yake bega, akamwonyesha bila neno. Mume akazitazama. Akamtazama mama yake. Kitu usoni mwake kikafungwa.

Akamgeukia mkewe, akanyoosha mikono amchukue mtoto.

Mke hakulia. Alianza kumweleza, kwa utaratibu wa mtu anayekabidhi zamu, kwamba kushoto halali, alazwe kulia, na akikwamwa na hewa ashikwe wima begani, asitikiswe. Kisha akamtazama wifi yake.

"Wifi, nyumba hii hujawahi kuosha hata kijiko. Leo unajua mpaka kichujio kilipo."

"Nakijua kwa sababu mama yangu yumo ndani yake," dada mtu akasema. Akamgeukia fundi. "Haya, wewe mwenye vyeti. Mwambie. Kuna mafuta gani yanayoota nywele?"

Msomi akafungua mdomo. Koo lilikuwa limejaa maji. Akameza, yakarudi. Akatazama kiti. Bibi alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, mtulivu kama mtu anayesubiri basi analojua litafika.

"Msomi mzima," dada mtu akasema taratibu, "unatetemeka."

Mtoto alikuwa tayari nusu mikononi mwa baba, nusu mwa mama. Ngumi yake ndogo ilikuwa imeng'ang'ania ukosi wa blauzi ya mama yake, na mke alikuwa anaifungua kidole kimoja kimoja.

Cha kwanza.

Cha pili.

Kitu kikamvuta Msomi kichwani, nyuma ya sikio, chini ya kitambaa alichojifunga. Si kwa nguvu. Kama unywele mmoja tu ulioshikwa na mtu anayetaka usikilize. Akapeleka mkono. Hapakuwa na mkono wa mtu.

Kidole cha tatu.

"Mwachie mtoto," akasema.

Mume akasita. Mashine ikalia, mara moja, waya wake ukiwa sakafuni mbele ya macho ya wote.

"Si yeye," Msomi akasema. Maji yakampanda tena kooni, akayatema kwenye kiganja chake, akaendelea. "Wiki tatu zilizopita nilikuta kifurushi chini ya kiboya. Mkeo hakukiona. Nilikipasua, nikakuta nywele, nikazimwaga humu ndani, nikawasha maji ya moto nione kama kitatokea kitu. Halafu nikawaambia ni mafuta." Alihisi ule mvuto ukikaza nyuma ya sikio, na safari hii hakupeleka mkono. "Ni mimi niliyeziosha."