Fuvu Lililojaa Mchanga wa Bahari

Mvua ilinyesha Ganze juma zima. Watu walifurahi, na Dorcas alifurahi kuliko wote. Aliweka ndoo zake chini ya bati, zikajaa. Hakuhitaji kutembea hadi bwawani kuteka maji.

Dorcas aliishi na mumewe, Menza, katika nyumba mpya ya matofali. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na kibanda cha makuti cha mama yake Menza, bibi Kahaso. Ngowa, mdogo wake Menza, alikaa ng'ambo ya uwanja pamoja na binti yake, Hannah. Walilima pamoja na kula pamoja.

Asubuhi mvua ilipokatika, Dorcas alikwenda nyuma ya kibanda kuchuma majani ya mchunga kwa mboga. Maji yalikuwa yamelichimbua tena korongo la pale. Chini ya korongo aliona kitu cha mviringo, cheupe. Alidhani ni kibuyu. Akainama kukiokota.

Kitu kile kilikuwa na uso.

Dorcas hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume, polepole, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa kibanda. Ndipo akamwita mumewe.

Menza alikuja, na Ngowa nyuma yake. Ngowa alichukua kijiti, akaligeuza lile fuvu. Chini yake palikuwa na tundu kubwa. Chini ya kila jicho palikuwa na tundu dogo. Na juu, karibu na kisogo, palikuwa na vitundu viwili vya mviringo, sambamba.

"Misumari," Ngowa alisema kwa sauti ya chini. "Hannah anasema nini kila akitoka shule? Kwamba kichwa kinamuuma kama anapigiliwa misumari."

"Nyamaza, Ngowa," alisema Menza.

"Nyuma ya kibanda cha nani?"

Wote watatu walitazama mlango wa kibanda. Bibi Kahaso alikuwa amesimama pale, mkono kwenye mwimo. Alikuwa amesikia kila neno.

Kufikia adhuhuri majirani walijaa uwanjani. Jua lilikuwa kali. Watoto hawakucheza. Hakuna aliyemwamkia bibi Kahaso. Walimtazama nywele zake nyeupe na macho yake mekundu ya moshi wa jikoni, kisha wakatazama kando.

Kule ng'ambo ya bonde, mzee mmoja alikuwa amekatwa panga kwa maneno kama hayo ya uchawi. Kila mtu alilijua jambo hilo. Hakuna aliyelitaja.

Ndipo fuvu likaanza kulia.

Hapakuwa na upepo, wala hakuna aliyeligusa. Lakini kutoka tundu la jicho moja ulianza kutiririka mchanga mweupe, mwembamba kama uzi. Ulitiririka, ukakoma, ukatiririka tena. Mwanamke mmoja akambeba mtoto wake, akaondoka bila kuaga. Vijana wawili wakaokota mawe.

Dorcas aliingia kibandani. Bibi Kahaso alikuwa akifunga nguo zake katika leso.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sijui, mwanangu. Lakini mahali watu walipoacha kukuamkia, si kwako tena."

Dorcas alitoka, akakaa kizingitini, akauziba mlango kwa mwili wake. "Menza," alisema, "ni mama yako. Mpigie chifu simu."

Menza alisitasita. Alimtazama ndugu yake, akatazama yale mawe mikononi mwa vijana. Kisha akapiga simu.

Chifu alimtuma askari, Odera. Odera aliwaamuru vijana watupe mawe, akazungushia korongo kamba. Alasiri akafika Bi Toral, mzaliwa wa Malindi, mtaalamu wa mifupa ya kale, ambaye polisi walikuwa wamemwomba aje. Kabla ya yote alikwenda kibandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu bibi Kahaso. Akaliweka chini furushi la nguo zake.

Bi Toral alivaa glavu, akapiga magoti kando ya fuvu. Ngowa alimsogelea.

"Mtu huyu ametobolewa kichwa kwa uchawi," alisema. "Mtoto wangu anaumwa kwa ajili yake."

"Tuangalie pamoja, bwana. Nani hapa amewahi kupika kichwa cha mbuzi?"

"Mimi," alisema Dorcas kutoka kizingitini.

"Uliona tundu kubwa panapoungana na shingo?"

"Ndiyo. Ule uti mweupe hupita hapo."

"Basi na binadamu ni vivyo hivyo. Ubongo huungana na uti wa mgongo kupitia tundu hili kubwa. Haya madogo chini ya macho ni njia ya mishipa ya fahamu. Nzi akitua shavuni, unahisi kwa sababu ya mishipa hiyo."

"Na haya mawili ya juu?" aliuliza Ngowa.

"Ni njia ya mishipa midogo ya damu. Watu wengi wanayo, wengine hawana. Tazama kingo zake. Ni laini, hazina ufa. Msumari ungeupasua mfupa. Huenda hata wewe unayo."

Ngowa alipeleka mkono kisogoni, taratibu. Kisha akauondoa upesi.

"Lakini nani alimzika hapa?" aliuliza Menza.

Bi Toral aliweka mchanga kidogo uliotoka ndani ya fuvu juu ya kitambaa cheusi. Akampa Dorcas kioo cha kukuzia. Dorcas alitazama, akakisogeza kioo karibu zaidi.

"Hizi si chembe za mchanga," alisema. "Ni nyumba. Nyingine zimejiviringa kama konokono. Nazo zina matundu, madogo mno."

"Ni maganda ya viumbe wa baharini. Wataalamu huwaita foraminifera, yaani wabeba matundu. Foramen kwa Kilatini ni tundu, na matundu ya mfupa huitwa kwa neno hilohilo. Viumbe hawa hutoa nyuzi laini kupitia matundu yao, wakanasa chakula. Wakifa, maganda hubaki mchangani."

"Ganze hakuna bahari," alisema Ngowa.

"Hakuna. Basi mchanga huu ulifikaje?"

Menza alikaa chini pale alipokuwa amesimama.

"Lori," alisema. "Mchanga wa kujengea nyumba yangu ulitoka pwani, upande wa Ngomeni. Uliosalia niliumwaga mimi mwenyewe katika korongo hili, mvua isile kibanda cha mama."

Bi Toral aliitikia kwa kichwa. "Katika vilima vya mchanga huko kuna makaburi ya zamani yasiyo na alama. Mchimbaji alichota kaburi bila kujua. Mvua imeuchukua mchanga na kuacha mfupa, na ule uliobaki ndani ulipokauka juani ukamwagika kama machozi. Unaonekana wa kale sana, ila vipimo ndivyo vitakavyothibitisha."

Dorcas alitazama ukuta wa nyumba yake. Ulikuwa umepigwa lipu kwa mchanga uleule.

"Je, kuna wengine?" aliuliza.

"Sijui," alisema Bi Toral. Aliwageukia watu wote. "Mkiona mfupa, msiuguse wala msiuhamishe. Mwambieni chifu. Na msimtaje mtu yeyote kwa ubaya. Mfupa huu ungeweza kuua leo." Kisha akamwambia Ngowa, "Mtoto anayeumwa na kichwa apelekwe hospitali."

Ngowa alimpeleka Hannah. Daktari aligundua kwamba haoni mbali. Alikuwa akikaza macho ubaoni siku nzima, na ndiyo maana kichwa kilimuuma. Alipopata miwani, maumivu yakaisha. Siku hiyo Ngowa alikwenda kwa mama yake, akapiga magoti. Bibi Kahaso alichelewa kumjibu. Lakini alimjibu.

Vipimo vilithibitisha kwamba fuvu lilikuwa la kale mno. Lilirudishwa pwani na kuzikwa karibu na vilima vya mchanga, na chifu wa huko akapiga marufuku kuchimba mahali pale. Bibi Kahaso alitaka kuhudhuria. Alikuwa wa kwanza kutia mchanga kaburini.

"Mama, humjui mtu huyu," Menza alimnong'oneza.

"Namjua," alisema bibi Kahaso. "Siku ile nyote mligeuza nyuso zenu kando. Yeye peke yake ndiye aliyenitazama."