Nafasi ya Kidole Gumba

Jumamosi mchana Moi Avenue haina adabu. Watu wanakanyagana, wauzaji wanakushika mkono kama jamaa zako, na ukiingia kwenye yale majengo ya vibanda hujui utatokea mlango gani. Katika kibanda kimojawapo, cha bwana aitwaye Nzau, Mwihaki alikuwa ameketi kwenye kigoda akiulazimisha mguu wake uingie kwenye raba ya rangi ya waridi. Alivaa gauni la manjano la kitenge, rasta zake nyembamba amezifunga kisogoni. Ile raba alishaipenda, na mtu akishapenda kiatu, mguu hauulizwi.

"Hiyo itakula kucha zako," mtu akasema nyuma yake.

Mwihaki aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, mkononi ameshika kiatu kimoja kipana chenye soli nene, kibaya kwa sura.

"Samahani, umeajiriwa hapa?"

"Hapana. Mimi ni fundi wa lifti. Lakini nakimbia kila asubuhi, na hizo kucha najua vile huenda. Hii kiatu ni ya harusi ama ya mazoezi?"

"Ya mazoezi. Daktari amesema nisipokimbia presha itanimaliza."

"Basi chukua pana. Mguu ukikimbia unavimba. Hapa mbele wacha nafasi ya kidole gumba, na soli ibonyee ukiikanyaga. Kama hii."

Mwihaki alikitazama kile kiatu. "Hiyo ni kiatu ama mkate?"

Nzau alicheka. "Madam, mimi nauza zote. Sina ubaguzi."

Mwihaki akanunua za waridi, makusudi. Fundi, ambaye jina lake lilikuwa Isaiah, alimpa namba ya simu. "Kucha ya kwanza ikienda, nipigie," alisema. Mwihaki alimwambia atangoja sana.

Hakungoja sana.

"Ni mimi," Mwihaki alisema kwenye simu. "Wa raba ya pinki."

"Kucha ngapi?"

"Moja. Na usicheke."

"Sicheki," Isaiah alisema, na alikuwa anacheka.

Mapenzi yao yakaanzia hapo. Ikatokea kwamba Isaiah amepanga chumba Dagoretti Corner, na Mwihaki anaishi Kabiria kwenye ploti ya baba yake, basi asubuhi wakawa wanakutana njiani na kukimbia pamoja hadi Jamhuri. Isaiah alikuwa mbele, anageuka, anarudi nyuma akimtania.

"Msupa, hiyo ni kukimbia ama unatafuta kitu imeanguka?"

"Natafuta bwana. Huyu niliyeokota ana mdomo sana."

"Vua hizo raba za pinki basi, utamfikia."

"Nilinunua kwa kiburi. Nitazimaliza kwa kiburi."

Asubuhi moja, wakipumzika kando ya barabara, Isaiah alimsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Baba yake alilinda geti la nyumba moja Lavington tangu ujana wake hadi uzee. Familia yao ililala kwenye chumba kilichoegemea geti hilo. Mvua inyeshe, jua liwake, kiti cha mzee kilikuwa nje, na hakuna siku aliyokaribishwa ndani kuketi. Sasa amestaafu, amerudi kwao Webuye, huko magharibi. Mwihaki alimshika mkono, na Isaiah akajua amempata mtu wake.

Lakini kulikuwa na Karanja, baba yake Mwihaki. Mzee huyu alipopata habari kwamba binti yake anatembea na kijana wa upande wa Webuye, alisema mezani, akitafuna, "Watu wa huko ni wa geti. Si wa sebule." Mwihaki alikasirika akaacha chakula. Hata hivyo, neno lilikuwa limeshaingia sikioni, na neno baya lina subira.

Siku chache baada ya Jumapili ambayo Mwihaki alishinda kwa Isaiah na kupitiwa na usingizi kwenye kochi, walikutana kukimbia asubuhi ya baridi kali, na Isaiah akamvisha jaketi lake. Mwihaki alifika nalo nyumbani. Alipotia mkono mfukoni alitoa kamba nyembamba yenye fundo kila upande. Hakuhitaji kuelezwa. Mtu yeyote aliyelelewa na mama wa sokoni anaijua: unampima mguu mtu uliyemwacha nyumbani, unafunga fundo, unaipeleka kamba kwa muuza viatu. Mwihaki aliketi kitandani akailaza chini ya unyayo wake. Ikazidi. Mwenye mguu huu alikuwa mtu mwingine.

Aliirudisha kamba mfukoni, akajikaza, akajiambia labda ni ya mama yake Isaiah. Jioni hiyo alipita kwa Isaiah kurudisha jaketi, na kabla hajabisha mlango akamsikia akizungumza ndani kwenye simu.

"Ndio, Nzau, za mwanamke. Ziwe pana, ju miguu yake inavimba. Hapana, Mwihaki asijue."

Miguu inavimba. Ciru, dada yake Mwihaki, alivimba miguu hivyo hivyo alipokuwa na mimba ya kwanza. Mwihaki alilitundika jaketi kwenye komeo la mlango na kuondoka. Wivu ni fundi wa kushona. Ukiupa vipande viwili unakupa vazi zima. Kufikia Kabiria alishamwona mke wa Isaiah, nyumba yake, hata pazia zake.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana alimfuata kazini, kwenye jengo moja katikati ya mji. Alikuwa amevaa sketi ya kijivu na viatu vya kisigino, na kila mtu kwenye korido alimsikia akija. Isaiah alikuwa amepiga magoti mbele ya lifti iliyofunguliwa, mikono yote miwili imezama ndani ya mitambo, simu yake iko sakafuni kando ya goti.

"Nani anavimba miguu, Isaiah?"

"Babe, ngoja kidogo, niko na..."

"Ni bibi yako wa Webuye? Ana mimba ya miezi ngapi?"

"Mwihaki, tafadhali. Hiyo simu..."

"Wacha simu. Baba aliniambia nikakataa kusikia. Alisema nyinyi ni watu wa geti. Mtu wa geti ukimwingiza sebuleni anakuibia. Afadhali mzee wako, yeye alijua mahali pake. Wewe ndio hujui."

Waliokuwa wakingoja lifti walitazama chini. Isaiah alitoa mikono ndani ya mitambo, akaifuta kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akaiokota simu, akaiweka sikioni, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao kwa sauti ya chini, akashuka ngazi. Mwihaki alidhani anamtuliza yule mke. Aliizuia namba ya Isaiah kwenye simu yake siku hiyo hiyo, na akalala akijisifu.

Wiki zikapita. Kukimbia aliacha, presha ikapanda, daktari akamgombeza. Ndipo akarudi Moi Avenue kutafuta viatu vingine, maana zile za waridi hata kuzitazama hakutaka. Nzau alimwona tangu mlangoni.

"Madam, wewe ndio nimekuwa nikingoja. Mzigo yako inakaa tu hapa."

"Mzigo gani?"

Nzau aliinama chini ya meza, akaibuka na raba pana, soli nene. "Isaiah alileta kamba. Alisema alikupima ukilala, akaongeza nafasi ya kidole gumba, kwa sababu wewe ukipima mwenyewe utachukua ya kubana. Ilikuwa ya siku yako ya kuzaliwa, ndio maana alisema usijue. Alilipa, halafu hakurudi."

Mwihaki alivaa kiatu cha kulia, akavaa cha kushoto, akasimama. Vidole vilitanuka vyote, na soli ikambonyea taratibu chini ya nyayo. Akaanza kulia mbele ya wateja.

"Zinabana?" Nzau akauliza, akiwa na wasiwasi wa muuzaji.

"Hazibani," alisema, akazidi kulia.

Alimpigia palepale kibandani. Isaiah alipokea kwenye mlio wa pili, akakubali waonane Jumapili baada ya kanisa, kwenye mkahawa mdogo wa Dagoretti Corner. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amekonda. Mwihaki alitaka kumshika uso, akaogopa.

"Nisamehe," alisema. "Ile kamba nilielewa vibaya. Ile simu nilielewa vibaya."

"Hiyo hata mimi ningeshuku. Nilikusamehe nikiwa kwa ngazi, kabla nifike chini."

"Sasa mbona hukuja kunitafuta?"

Isaiah alikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. "Siku hiyo simu ilikuwa kwa spika, ju mikono ilikuwa kazini. Nilikuwa naongea na mzee wangu. Tulikuwa tunapanga siku ya kuja kwenu na wazee wa kwetu, aongee na baba yako."

"Alisikia?"

"Yote."

"Nitaenda Webuye. Nitampigia magoti."

"Ukienda utachinjiwa kuku. Amekusamehe, na si kwa mdomo tu. Lakini aliniambia, 'Mwanangu, nimekaa kwa geti ya watu maisha yangu yote. Usinipeleke kukaa kwa ingine.' Nitamwambia nini, Mwihaki?"

"Twende Sheria House tuandikishe ndoa wawili tu. Wazee wabaki makwao."

"Nimwache mzee nje, mimi niingie? Hicho ndicho alifanyiwa miaka yote."

"Yalikuwa maneno ya baba. Si yangu."

"Yalikuwa ya baba yako siku aliyasema. Uliyabeba kutoka Kabiria mpaka tao, kazini kwangu, ukachagua mahali pa kuyaweka."

Ulimi hauna mfupa, walisema wazee. Mkahawani watu walikula mandazi, watoto wa kanisa walipita nje na nguo zao za Jumapili. Mwihaki alitamani Isaiah apige meza, atukane, maana mtu mwenye hasira hutulizwa. Isaiah hakuwa na hasira.

"Unanipenda bado?" Mwihaki akauliza.

"Nakupenda sana. Singekuja kama sikupendi. Ningekutumia ujumbe."

Walikaa mpaka chai ikapoa. Isaiah alisimama kwanza, akamsindikiza hadi barabarani. Hakumkumbatia. Alimnyooshea mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, vile mtu anavyomuaga mkubwa wake.

"Usalimie wazazi," alisema.

"Zimefika," Mwihaki alijibu, kama alivyofundishwa kumjibu mgeni.