Grisi Si ya Diski

Gari lilikuwa limeshaanza kuteremka kuelekea Mugumu, na Tabitha bado anahangaika kufunga mlango.

"Ungesubiri nikae kwanza," alimwambia mumewe, Nashoni.

"Utakaa njiani."

Mbele yao ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Nashoni akakanyaga breki. Gari likaendelea. Akakanyaga tena kwa nguvu zote. Gari likaingia kwenye shamba la mihogo, likagonga kichuguu, likasimama. Goti la kulia la Nashoni likavimba.

"Keshokutwa unabeba wanakwaya kwenda mashindanoni Mugumu kwa gari hili," Tabitha alisema. "Unataka kutuzika wote siku moja?"

Walirudi nyumbani Natta wakivutwa na maksai wao wa kulimia. Njia nzima watu walicheka.

Nashoni akampigia simu mkwewe, Emanueli, mume wa binti yao na fundi magari wa Tarime. Jumamosi mchana Emanueli akashuka kwenye basi na diski mbili mpya na pedi zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Mgonjwa wako yule pale uani."

Emanueli akaweka mawe kwenye matairi ya nyuma. Akalegeza nati za tairi la mbele gari likiwa bado chini. Ndipo akapiga jeki, akaweka na stendi ya chuma.

"Jeki inaweza kuteleza, baba. Bila stendi usiingize hata mkono."

Akatoa tairi. Akagusa diski, kile chuma cha mviringo ambacho pedi hukibana ili gurudumu lisimame. Kidole kikatoka cheusi.

"Hii ni grisi?"

"Breki zilikuwa zinapiga kelele," Nashoni alisema. "Plau yangu naipaka grisi, na haina kutu mpaka leo."

"Plau haisimamishi gari, baba. Kelele ile ilikuwa inakuambia pedi zimeisha. Tazama, chuma kimekula chuma. Ulipopaka grisi, pedi zikateleza kabisa."

Nashoni akakuna kichwa. "Basi mama yako asisikie."

"Nimeshasikia," Tabitha alijibu kutoka jikoni.

Emanueli akafungua kalipa, ile inayobeba pedi, akaifunga juu kwa waya. "Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki, utapasuka." Diski ya zamani iling'ang'ania. Akaigonga taratibu kwa nyundo, ikatoka. Akasugua kutu pale ilipokaa kwa brashi ya waya. Diski mpya akaiosha kwa sabuni, akaikausha.

"Mbona unaiosha, na ni mpya?"

"Inatoka kiwandani na mafuta. Hata hayo hayatakiwi."

Akaweka pedi mpya, akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Diski hubadilishwa zote mbili pamoja.

Ikabaki mtu mmoja akanyage breki, mwingine aangalie kama mafuta ya breki yanavuja. Goti la Nashoni halikunjiki. Aliyebaki ni Tabitha, na kwao mama mkwe na mkwe hawakaribiani wala hawatazamani usoni. Tabitha akajifunika khanga, akaingia garini. Emanueli akainama kando ya diski, kichwa chini.

"Baba, mwambie mama akanyage polepole, mara nyingi."

"Mke wangu, kanyaga polepole, mara nyingi."

"Mwambie mkwe ilikuwa laini, sasa imekuwa ngumu."

"Anasema..."

"Nimesikia, baba. Mwambie ashikilie."

"Mmenigeuza redio," Nashoni alisema.

Hakuna kilichovuja. Emanueli akarudisha matairi, akashusha gari, akakaza nati kwa kupishanisha: moja, kisha ile inayoitazama. Akaendesha polepole uani, akakanyaga breki. Gari likasimama.

"Siku za kwanza msiende mbio," alisema. "Diski na pedi zizoeane."

Jumapili Kisyeri, mdogo wake Nashoni, aliendesha. Kwaya ilifika Mugumu ikaimba, ikawa ya tatu. Emanueli alirudi Tarime na kuku wawili. Goti la Nashoni lilipona baada ya wiki tatu. Tabitha alijifunza udereva, na sasa ana leseni. Kila baada ya miezi mitatu anatoa matairi kukagua pedi. Nashoni humshikia tochi.