Barua ya Stella Ndani ya Fremu

Jamani, yaliyotokea kwetu Kilema Januari ile ya 1994 sikuhadithiwa, nilikuwepo! Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Alhamisi nikapita kwa jirani yetu, Mzee Wenseslaus, kumwona mzazi.

Mkewe, mama Stella, alikuwa amejifungua wiki mbili tu. Na kwetu mzazi hashiki kazi. Miezi mitatu yuko ndani, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama, anapewa maziwa na supu mpaka anenepe. Anayempikia ni mama mkwe. Lakini bibi yake Stella alishafariki. Basi kazi yote ikamwangukia Stella, mtoto wa kike pekee, miaka kumi na minne.

Nikamkuta jikoni anamenya ndizi. Macho mekundu.

"Stella, si umechaguliwa kidato cha kwanza? Mbona bado uko hapa?"

"Baba kasema nitaenda baada ya Pasaka."

Nikaingia sebuleni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, Hilda. Umeiona barua ya mdogo wako?"

Mwee! Barua ya kuitwa sekondari kaitia kwenye fremu ya kioo, kaitundika pembeni ya picha ya Bikira Maria.

"Baba, shule si zimeshafunguliwa?"

"Shule haina miguu, itakimbilia wapi? Jina limeshaandikwa serikalini. Ni kama ubatizo. Ukishaandikwa, umeandikwa."

Nikaisogelea ile fremu. Chini kabisa pameandikwa: angalia ukurasa wa pili.

"Ukurasa wa pili uko wapi, baba?"

"Uko humo humo, nyuma. Wenye maana ni huu wenye jina."

Nikamsihi aifungue. Akanuna, lakini akang'oa vimisumari kwa kisu. Nikasoma kwa sauti: "Mwanafunzi ambaye hatakuwa amefika shuleni hadi Ijumaa, tarehe 28 Januari, saa kumi jioni, nafasi yake atapewa mwingine."

"Yesu na Maria! Baba, Ijumaa si ni kesho!"

"Aa, wanatutisha tu."

Nikatoka mbio mpaka kwa Mwalimu Valerian, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi. Alikuja na kandambili zake hivyo hivyo. Akaisoma barua mara mbili.

"Mzee Wenseslaus, hawatishi. Kuchaguliwa ni kuitwa tu. Nafasi inakuwa yako mtoto akifika, akaandikishwa. Vitanda vimehesabiwa, madawati vilevile. Wapo watoto waliofaulu wakakosa pa kukaa. Wamewekwa akiba. Kesho saa kumi ikipita, anaitwa mmoja wao. Ukimpeleka Stella Pasaka, utarudi naye."

"Hata nikieleza kwamba nina mzazi ndani?"

"Ulitakiwa ueleze mapema. Mwenye shida anakwenda shuleni kabla siku hazijaisha, anasema. Sasa ni kufika tu."

Mzee akageuza ile karatasi mkononi. "Na mtori apike nani? Mimi?"

Sauti ya mama Stella ikatoka chumbani. "Kwani supu ya mbuzi wa Krismasi alipika nani? Ulijisifu mpaka Marangu wakasikia. Leo ndizi zinakushinda?"

Mwalimu akacheka. Mzee hakucheka. "Watu watasema namtesa mzazi."

"Watu hawatanisomeshea mwanangu!" mama Stella akajibu kutoka chumbani. "Hilda, kawaambie akina mama wa jumuiya ya kanisani waje mchana kwa zamu. Jioni apike yeye. Nitamwelekeza kutoka kitandani."

Mzee akaiweka ile karatasi mezani. Mwishowe akaita, "Stella! Acha hizo ndizi. Tafuta ndoo na jembe vya shule."

Kesho yake tukapata gari la ndizi, tukakaa juu ya mikungu, godoro la Stella likiwa katikati yetu. Kufika Himo, dereva kasimama, anaongeza mzigo. Saa saba. Saa nane! Stella anauliza saa kila dakika, Mzee kajikunyata, jasho linamtoka. Tuliingia getini saa kumi kasoro dakika kumi, tunakimbia na sanduku la bati.

Nje ya ofisi palikuwa na baba mmoja na binti yake. Akasimama.

"Wewe ndiye baba yake Stella Wenseslaus?"

"Ndimi."

"Tumetoka Bomang'ombe. Mwanangu ni wa kwanza kwenye akiba. Walikuwa bado wawili hawajafika, mwanao na mwingine. Tangu asubuhi tunaomba msije."

 Mzee Wenseslaus akavua kofia.

Karani akamwandika Stella, akampa namba. Tungeweza kuondoka, lakini Mzee hakuondoka. Alisimama na yule baba, wote wanatazama geti. Hakuna aliyetokea. Saa kumi kamili karani akatoka, akaliita jina la yule binti. Babake akafunika uso kwa mikono.

Mzee akamwendea karani. "Na huyo mwingine? Mwenye nafasi hii?"

"Hakufika, mzee. Hatujui hata kwa nini."

Mzee akaguna. "Labda na barua yake iko kwenye fremu." Kule uwanjani Stella na yule msichana walikuwa wameshashika sanduku moja, huyu huku, huyu kule, wanakwenda bwenini.