Mkanda wa Mwisho Uliungulia Babati

Upepo wa Karatu hauna adabu. Siku ile ya mnada, Julai 1977, ulimpokonya Leonida kitambaa cha kichwani, na kabla hajageuka ukambandika usoni karatasi kubwa yenye gundi mbichi.

"Usiichane, dada! Ndiyo iliyobaki!"

Sauti ilitoka juu ya paa la Landrova. Leonida alipojibandua ile karatasi alimwona kijana mrefu amesimama pale na kipaza sauti mkononi, suruali ya bugaluu ya kahawia, viatu vya raizoni miguuni, kola za shati pana kama mabawa ya tai. Mavazi ya Arusha tupu. Masikio tu yenye ndewe pana za Kimaasai ndiyo yaliyosema kwao ni wapi.

"Hiyo gundi ni ya unga wa ngano," alisema akiruka chini. "Inanawika."

"Na kitambaa changu?"

Wakageuka wote wawili. Kitambaa kilikuwa kwenye pembe ya ng'ombe, na ng'ombe anauzwa. Kijana alikifuata katikati ya vumbi jekundu na matusi ya wachuuzi, akarudi anahema.

"Naitwa Koinet. Jumapili tuna picha pale hotelini. *Ngumi za Yatima*. Uje."

"Nafanya kazi hapo hapo hotelini," Leonida alisema. "Utanikuta."

Mwaka ule mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa na watalii wamekatika kama mvua ya Juni. Hoteli ilibaki na vitanda vilivyotandikwa bila wa kuvilalia, na Leonida, binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Mbulumbulu, alikaa mbele ya ubao wa simu usiolia. Ndipo meneja alipompangisha ukumbi wa chakula mzee Sylvesta, mwenye ile Landrova na projekta, awaonyeshe wananchi sinema baada ya misa.

Jumapili madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na saa nane mchana ukumbi ukawa giza kama ndani ya mtungi. Leonida alikaa nyuma na gauni lake la njano la madoadoa. Ilikuwa picha ya bei rahisi, hata yeye aliliona hilo. Ngumi zililia kama mtu anayepiga ngozi kavu, nywele za bandia zilihama kichwani, na adui mmoja mwenye upara alikufa mara tatu, kila mara akirudi na masharubu mapya. Hata hivyo, yule yatima wa kwenye picha, binti aliyeuliwa baba, alipopiga magoti mvua ikimnyeshea, Leonida alihisi baridi ya mvua ile mgongoni mwake.

Ghafla pazia likawa jeupe tupu. Mkanda wa mwisho ulikuwa umeungulia Babati, kwenye onyesho lililopita.

Koinet akaruka mbele ya ule mwanga. Akawa binti, akawa adui, akawa upanga. Alisimulia na kucheza pigano la mwisho mpaka watu wakapanda juu ya viti wakipiga kelele, "Muue! Muue!" Akaua. Ukumbi ukalipuka.

Baadaye Koinet, akikunja nyaya, alikuta gauni la njano limesimama mbele yake.

"Na baada ya kumuua, alikwenda wapi?"

"Nani?"

"Huyo binti. Nyumba imechomwa, baba hayupo, mwalimu wake kafa. Jioni ile alikwenda kulala kwa nani?"

Koinet aliweka nyaya chini. "Sijawahi kuulizwa hivyo," alisema.

Jumanne simu ikalia.

"Halo, hoteli."

"Nimepata jibu. Alikwenda kwa shangazi yake, anafuga bata."

"Bata! Na ule upanga?"

"Anakatia majani."

Leonida alicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. Ijumaa simu ilitoka Moshi: binti sasa yuko kituo cha basi, amekosa nafasi. Wiki iliyofuata ilitoka Babati: amejifunza kushona. Hivyo ndivyo Agosti ilivyopita, na Septemba. Ukungu uliteremka kutoka mlimani kila asubuhi ukalala juu ya bustani ya hoteli, na Leonida akawa anaishi ndani yake kama mtu aliye usingizini na hataki kuamshwa.

"Leo nimegundua jambo," Koinet alisema siku moja. "Anafanya kazi ya simu. Katika hoteli isiyo na wageni."

Leonida alikaza mkono wa simu sikioni.

"Koinet."

"Naam, mpenzi."

"Rudia."

"Naam?"

"Hilo la pili."

Akarudia. Akarudia tena bila kuombwa.

Oktoba Leonida alimpeleka kwao Mbulumbulu. Mama alimkaribisha kwa chai ya maziwa, akamtazama masikio, akauliza bila kuzunguka, "Baba, umebatizwa?" Koinet alikuwa anatafuta jibu la heshima wakati mlango ulipotiwa kivuli. Aliingia mwanamume mpana, mwenye jembe begani.

"Huyu ni kaka yangu, Clemensi," Leonida alisema.

Clemensi alinyoosha mkono. Ulikuwa na vidole vitatu. Koinet aliutazama ule mkono, hakuushika. Akaweka kikombe chini, chai haijafika nusu.

"Nimekumbuka kazi," alisema, akatoka. Landrova iliteremka kilima ikiacha vumbi nyuma yake.

Simu ikanyamaza. Wiki ya kwanza Leonida alimkasirikia mama. "Ungengoja hata amalize chai! Ubatizo, ubatizo!" Wiki ya pili hakusema na mtu. Wiki ya tatu, wakipura maharage, Clemensi aliweka fimbo yake chini.

"Usimlaumu mama. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Ule ugomvi wa mnadani. Kijana wa Kakesio alipoteza jicho, mimi vidole viwili na miaka miwili ya gereza. Anaitwa Metui. Huyu wako amefanana naye pua mpaka mwendo."

Kesho yake Leonida alipiga simu Arusha, kwenye duka alilofikia mzee Sylvesta, akaomba aitiwe Koinet. Alisikia hatua za raizoni kabla ya sauti.

"Ungeniambia," Leonida alisema.

"Kaka yako alimtoa kaka yangu jicho. Tangu nimalize shule namtafuta; Metui hajanitajia jina, najua vidole tu. Unadhani kwa nini nazunguka na picha mnada hadi mnada? Nilikuwa natazama mikono ya watu."

"Sasa umeuona. Utafanya nini?"

"Sijui, Leonida. Wallahi sijui."

"Basi ukijua, njoo useme hapa. Usiseme kwenye waya."

Jumapili iliyofuata Landrova ilikuja, na watu wakajaa. Leonida alikaa nyuma. Mkanda ulipokaribia kwisha mlango ulifunguliwa, mchana ukaingia kama wembe, na Clemensi akapita katikati akiwa na koti lake la kanisani. Akakaa benchi la mbele.

Pazia likawa jeupe. Koinet akaruka mahali pake, akainua mkono uliokuwa upanga, ndipo akamwona.

"Muue!" watu walipiga kelele kama kawaida yao. "Muue!"

Leonida alisimama. Mkono wa Koinet ulikaa juu muda mrefu mno. Kisha ukashuka.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo siwezi."

Wakamzomea. Gunzi la mahindi likampiga kifuani. Clemensi alikuwa ameshasimama, na maneno yake Leonida aliyasikia kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika hapo mbele, bila kujua amefikaje.

"Nipeleke kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa Metui. Nina neno naye."

"Akitaka kukuua?"

"Hilo ni shauri lake na mimi. Wewe halikuhusu."

Waliondoka kesho yake alfajiri, watatu, wakimwacha mzee Sylvesta akilalamikia mafuta yake. Walipita geti la hifadhi, wakapanda ukingo wa kreta ndani ya wingu, wakashuka upande wa pili, Endulen, hata Kakesio, kwenye jua kali na nyasi za rangi ya simba.

Metui alikuja kutoka machungani, lubega nyekundu, jicho moja limefumba milele. Aliuona mkono wa vidole vitatu kabla ya uso. Leonida alimwona Koinet akikaza misuli yote.

"Sopa," Clemensi alisalimia kwa Kimaasai chake kibovu.

"Ipa," Metui aliitika. Kisha akakaa chini. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili wageni wamfahamu. "Koinet, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyeanza. Nilikuwa nimelewa. Nilimkata vidole kwa sime ndipo akaokota jiwe. Mbele ya hakimu nilisema ni yeye. Kila ulipoandika barua ya kisasi, niliona haya kukujibu."

Upepo ulipita kwenye miiba ya boma. Clemensi alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Nilitaka lisemwe tu," alisema. "Mara moja, mbele ya mtu."

"Nisamehe," Metui alisema.

"Na jicho lako, nisamehe nami."

Naishorua, mke wa Metui, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia hayo kwa mara ya kwanza, aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa. Alimpa Clemensi kwanza. Hakumtazama mumewe.

Leonida alimkuta Koinet nyuma ya boma, amevua raizoni, miguu mitupu kwenye vumbi la kwao.

"Miaka minne namtafuta," Koinet alisema. "Ningemuua mtu asiye na kosa. Ningemuua kaka yako."

"Hukumuua."

"Kwa sababu ulikuwa umesimama. Nilikuona."

Leonida alisogea karibu. Alimshika mkono ule uliokuwa upanga. Ulikuwa na jasho, mkono wa kawaida kabisa wa kijana anayebeba masanduku. Walikaa hivyo mpaka waliposikia wanaitwa wakale.

Kurudi, juu ya ukingo wa kreta, ukungu ulikuwa mzito, barabara ikionekana hatua chache tu mbele ya boneti. Nyati walikuwa wanavuka barabara, mmoja mmoja, weusi, bila haraka. Koinet alizima injini. Nyuma, Clemensi alikuwa amejikunyata, macho yamefumba.

"Leonida."

"Naam."

"Utakubali nikuoe?"

Nyati mmoja alisimama, akawatazama, akaenda zake. Leonida alihisi moyo wake unamfuata ndani ya weupe ule.

"Wazee wataulizwa," alisema. "Mama atakusumbua sana. Lakini mimi nimekubali, mpenzi wangu."

"Rudia."

Kabla hajarudia, sauti nzito ilitoka nyuma, chini ya koti.

"Mimi nimekubali tangu kule Kakesio. Washa gari, shemeji, nasikia baridi."